Mama yangu na bibi ya wanangu sio mtu mmoja

Jamani leo acha niseme. Mama aliyenilea mimi na huyu bibi anayenilelea wanangu sio mtu mmoja, nakataa kabisa. Mimi nilivyovunja kikombe nikiwa na miaka 6 hivi nilijificha uvunguni mpaka giza likaingia, na nilivyotoka fimbo ilikuwa bado inanisubiri. Juzi huyu mkubwa wangu kaangusha kikombe, tena makusudi maana alikuwa ananiangalia usoni, nikainuka, mama akanikata jicho, "We muache mume wangu, kikombe kitu gani?" Kitu gani!! Nikabaki nimesimama na ufagio, nacheka huku koo limenikaba. Naona aibu kuandika ila nilimwonea wivu mtoto wa miaka 3.

Halafu kuna mdogo, ana miezi 4. Kliniki wameniambia maziwa ya mama tu mpaka miezi 6, hata maji asipewe, maana katumbo kenyewe kadogo ukikajaza maji maziwa yatakaa wapi. Narudi kazini namkuta mama na kijiko. Nikamwambia taratibu, kwa adabu zote, akanijibu "wewe nilikupa maji, ulikufa?" basi siku mbili nzima kila nikimsemesha ananiitikia mh tu. (Kwenye kulaza kifudifudi tulishagombana kitambo, enzi zao ndivyo walivyofundishwa, eti akilala chali atapaliwa, siku hizi ushauri umegeuka, mtoto alazwe chali.) Nimekuja kugundua kila nikimrekebisha yeye anasikia namwambia hukunilea vizuri. Na kusema ukweli kuna siku ndicho ninachomwambia.

Ila bila yeye kazi ningeshaacha, hilo nalijua na yeye analijua, ndo maana tunanuniana humohumo ndani.

Jana usiku alikuwa anakunja nguo za mtoto, mara akasema bila kunitazama, "Nyie mlikuwa wanne, na mimi nilikuwa nimechoka." Hakuongeza neno. Mimi nikavuta lile rundo la soksi nikaanza kuzitafutia pea.

Asubuhi nipo njiani akapiga simu, hata salamu hakuna: "Eti mama mwenye mtoto, huyu leo naruhusiwa kumpa nini?" Mpaka saa hizi sijajua alikuwa anauliza au ananisimanga.