Ijumaa yangu ya kwanza Mbale

Mimi mtoto wa Tanga, nimekulia kati ya adhana na kengele za kanisa, nikajua ibada zote nishaziona. Wiki ya pili ya kujitolea hapa Uganda, mama mwenye nyumba ananiambia jioni twende Nabugoye, nikadhani harusi, kumbe sinagogi! Wanajiita Abayudaya, ni Wayahudi wa hapahapa, walianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 baada ya kujisomea Biblia na kujitahiri ukubwani (huyo mzee alikuwa na roho ngumu jamani).

Mlangoni binti mmoja akanipigia magoti kunisalimia, nami kwa kuchanganyikiwa nikapiga magoti pia, tukabaki tunatazamana chini pale, watu hoi kwa kucheka.

Jua likikaribia kuzama na Sabato kuingia, mishumaa ikawashwa, nyimbo zikaanza, Kiebrania kinaingia Kiluganda kinatoka, mwili ukanisisimka. Nikatoa simu nipige picha, bibi wa jirani akaishusha polepole, akaninong'oneza kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Mwanangu, leo Sabato, weka."

Nikaiweka. Sina hata picha moja.