Kiwiko kwanza, kiti baadaye

Wiki nzima nimekuwa chini ya meza za watu. Ofisi ni ya uwakala wa forodha, ghorofa ya juu ya jengo la zamani karibu na Barabara ya Nkrumah, Mombasa, na mimi nimeitwa kukagua pale makarani wanapoketi mbele ya kompyuta. Vifaa vyangu ni tochi, kipima mwanga, fomu, na utepe wa fundi cherehani nilionunua Biashara Street. Karani wa kwanza alipouona utepe akauliza, "Wanipimia kanzu au sanda?" Nikamjibu hilo litategemea anavyoketi. Ofisi nzima ikacheka, na kicheko hicho kilinifaa sana. Mtu akijua anakaguliwa huketi wima kama yuko studio ya picha, na mimi sitaki kumwona hivyo. Nataka kumwona alivyo saa kumi jioni, meli imeshafunga gatini na entri za forodha hazijaisha.

(Kwa wanaopanga kuifanya kazi hii hapa mjini: wanawake nawapima mwenyewe. Wanaume napima kiti na meza, na wao wananionyesha kiwiko kilipofika. Hakuna aliyenuna.)

Tajiri aliniita kwa sababu watu wake wamekuwa wakiomba ruhusa ya hospitali kila mara. Huyu mgongo, yule shingo, mwengine vidole vyafa ganzi. Kotesheni ya viti vipya alikuwa nayo mezani tayari, viti vyeusi vya mgongo wa wavu, na nadhani alichotaka kwangu hasa ni sahihi. Nikamwomba asinunue hata kimoja mpaka nimalize. Hakufurahi. Kununua viti ni jambo la siku moja na linaonekana. Kuketi na karani nusu saa ukimtazama anavyofanya kazi hakuonekani na mtu.

Sasa, hapa ndipo wengi wanapopotea, na ndiyo sababu naandika. Tumezoea kuambiwa turekebishe kiti mpaka nyayo zikae sakafuni. Ni sawa kama meza yako hupanda na kushuka. Lakini meza za ofisi zetu zimegongomelewa kimo kimoja, sentimita 73 hadi 75 hivi, na hazijali nani anaziketia. Dada wa akaunti hapa ni mfupi. Akiteremsha kiti mpaka nyayo ziguse sakafu, meza yamfika karibu na kifua, na ili mikono ifike kwenye kibodi lazima anyanyue mabega. Ananyanyua kidogo tu, huwezi kuona usipotazama kwa makini. Lakini ayaweke hivyo tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni, kisha umuulize kwa nini shingo na kichwa vinamuuma.

Kwa hiyo mimi naanza na kiwiko. Mtu aache mikono ining'inie kutoka begani bila kukaza chochote, akunje kiwiko kwa pembe mraba au iliyofunguka kidogo zaidi, na kibodi iwe hapo hapo. Meza haipandi wala haishuki, basi kiti kipande. Miguu ikibaki hewani, hilo ni tatizo jipya, maana ukingo wa kiti utabana mapaja kwa chini, na dawa yake ni kibao cha kuwekea miguu. Baada ya hapo ndipo mgongo wa kiti, kisha mikono ya kiti, na skrini iwe ya mwisho kabisa. Ukianza na skrini, utairudia kazi yote, maana kila ukimpandisha mtu, macho yake yanapanda naye.

Dada huyu alikuwa ameshajitengenezea kibao kwa boksi la karatasi, lililobonyea katikati. Nimempeleka mtu kwa seremala wa Majengo na vipimo: upana sentimita 45, mteremko mdogo, na chini kipande cha mpira wa tairi kisiteleze kwenye vigae. Gharama yake haikaribii hata mguu mmoja wa vile viti vya wavu.

Viti vyenyewe, ukweli ni kwamba vingi bado ni vizima ila gesi zimekufa, yaani lile bomba la kukipandisha na kukishusha kiti. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Bomba la kiti linashika kutu, kiti unakipandisha asubuhi, ikifika adhuhuri umeshateremka na hujui. Gesi inabadilishwa peke yake. Mafundi wapo, vipuri vipo, na kiti kinarudi ujana. Nimeviandika kwenye ripoti kimoja kimoja.

Kuna jambo ambalo fomu hailiulizi, kwa sababu aliyeitunga hakuwahi kufanya kazi Mombasa: buibui na magurudumu. Pindo linaingia chini ya gurudumu, dada anainuka haraka kufuata simu, na mara kiti na yeye wote wako chini. Wawili hapa wameshaanguka hivyo. Kwa hiyo wamejifunza kuketi ukingoni kabisa mwa kiti, pindo limekusanywa mapajani, na ule mgongo wa kiti tunaousifia kwenye mafunzo hauguswi na mtu. Kwa yule ambaye kazi yake haimtaki kusogea huku na huku, nimependekeza magurudumu yatolewe na mahali pake zitiwe nyayo za plastiki. Kwa wengine tumetafuta magurudumu yenye kifuniko. Ni marekebisho madogo, na ndiyo yaliyoshukuriwa kuliko yote.

Halafu mzee wa manifesti, zile orodha za shehena ya meli. Huyu ameiona ofisi tangu siku za mashine za chapa, na kila mtu anamheshimu. Kuna kijana alisoma mahali kwamba ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, akamwekea mzee rimu tatu za karatasi chini ya skrini. Rimu moja ya karatasi 500 ni kama sentimita tano, kwa hiyo skrini ilipanda sentimita 15. Kijana alikuwa na nia njema, na kanuni yenyewe ni sahihi kwa wengi. Lakini mzee anavaa miwani ya sehemu mbili, ya kusomea iko chini. Ili aione skrini kupitia sehemu hiyo, lazima ainue kidevu. Nilimtazama dakika kumi. Kidevu juu muda wote, mikunjo miwili ya ngozi imebanana nyuma ya shingo. "Mwanangu, mimi nadhani ni uzee," akaniambia. Nikaziondoa rimu zote tatu na kuilaza skrini nyuma kidogo. Kidevu kikashuka chenyewe. Akacheka, akasema kumbe uzee unaondoka kwa kutoa karatasi.

Makarani wa entri wana mateso ya aina yao. Hati za shehena zimelala mezani upande wa kushoto, skrini iko mbele, mausi iko mbali kulia kwa sababu kibodi ina ule uwanja wa tarakimu. Kichwa cha mtu kina uzito wa kilo nne na nusu au tano, nacho kinapelekwa kushoto na chini, kinarudishwa, mara mia kwa mia. Seremala yule yule anatengeneza ubao wa mteremko wa kukaa kati ya kibodi na skrini, karatasi zisimame juu yake. Na mausi, nimewashawishi wachache waijaribu kwa mkono wa kushoto, ambako hakuna tarakimu za kuisukuma mbali. Mmoja amekataa katakata. Sikumlazimisha.

Mtu akiniambia mkono wafa ganzi, huwa namuuliza vidole gani, tena namtaka avishike kimoja kimoja. Dole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ikimwamsha usiku, naangalia kifundo cha mkono: kimekunjwa juu? kimelalia ukingo wa meza? Neva ya kati hupita hapo kwenye njia nyembamba pamoja na kano, ikibanwa ndiyo vidole hivyo vinavyolalamika. Kikiwa ni kidole cha mwisho na jirani yake, naangalia kiwiko, maana neva nyingine hupita nyuma ya kiwiko na kuna watu wanaegemea meza kwa kiwiko siku nzima huku simu iko sikioni. Kisha namwambia aende kwa daktari. Mimi napima meza, sitibu.

Mwanga sitauzungumza sana. Jengo hili lina madirisha ya luva za mbao, na wazee walioyajenga walijua jua la saa tisa linatoka wapi. Shida ni kwamba luva zimepigwa rangi mpaka zikagandana, hazifunguki wala hazifungiki, na waliopewa meza za dirishani wanafanya kazi huku wamekunja uso. Kazi ya kompyuta inataka kama laksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500 pale mezani. Dirishani kipima changu kilipita 2,000 na kule kwenye kona ya faili hakikufika 150. Geuzeni meza ili dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele ya mtu wala nyuma yake. Na kiyoyozi kisipulize usoni. Tukikodolea skrini tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida, na upepo ule mkavu unamalizia. Nyaya nazo, ile soketi ya kuunganisha iliyounganishwa na nyingine chini ya miguu ya dada wa simu, niliiondoa siku ile ile.

Mahali pabaya kuliko pote palikuwa kwa tajiri mwenyewe. Meza ya mvule ya fahari, kiti cha ngozi, na laptopu. Laptopu hata iwe ya bei gani ina kasoro yake ya kuzaliwa: skrini na kibodi vimeshikana, ukiweka kimoja pazuri kingine kinaharibika. Alikuwa ameinama juu yake tangu asubuhi. Nikamwambia anunue kibodi na mausi za pembeni, ainyanyue laptopu. Zile rimu tatu za mzee zilikuwa bado mkononi mwangu, nikampa.

Pengine ndiyo maana akanisikiliza tulipofika kwenye jambo lenyewe. Sheria yetu ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 76, inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi, vifaa na kazi yenyewe vinaendana na mfanyakazi na uwezo wake, pamoja na kumkinga na msongo wa akili. Kazi yenyewe. Fomu ninayotumia chimbuko lake ni kanuni za Uingereza za 1992 kuhusu vifaa vya skrini, na imejaa maswali ya kiti. Lakini hata kanuni hizo zinamtaka mwajiri aipange kazi ya siku ili mtu apate kuiacha skrini mara kwa mara. Na mwanzoni mwa karne ya 18, daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alipoandika kinachowaumiza makarani, alitaja mambo matatu: kuketi bila kuondoka, mkono kurudia mwendo ule ule, na akili kubanwa isikosee. Kiti hakukitaja.

Na hapa ofisini mambo yote matatu yapo. Kila karani ana printa yake mezani. Chai inaletwa na thamosi mpaka kwenye kiti. Anayeinuka anaulizwa aenda wapi. Waliopumzika vizuri ni wale wanaoshuka msikitini kuswali adhuhuri na alasiri, na mmoja wa wasioswali aliniambia kwa utani kwamba anafikiria kusilimu kwa ajili ya mgongo. Ushauri wa wataalamu wa Uingereza ni dakika tano hadi kumi kila saa, na kwamba hizo ni bora kuliko dakika 20 kila baada ya saa mbili. Si lazima ziwe za kukaa bure. Kufaili ni mapumziko ya macho, kupokea hati mapokezini ni mapumziko ya mgongo.

Tajiri akapiga hesabu papo hapo: dakika kumi, mara saa nane, mara watu wote. Akauliza, "Sasa dada, hizo nani atanilipa?" Nikamwomba alete faili la ruhusa za hospitali za mwaka uliopita, tukazihesabu pamoja hizo nazo, na entri zilizorudishwa kwa makosa ya jioni.

Mambo aliyokubali: gesi za viti, vibao vya seremala, magurudumu, na printa mbili za pamoja karibu na ngazi badala ya ile ya kila meza. Thamosi itawekwa dirishani, anayetaka chai aifuate. Kotesheni ya viti ameipunguza, vitanunuliwa vinne kwa wale ambao viti vyao havitengenezeki, nao watavijaribu kwanza kabla ya kulipiwa. Mapumziko ya kila saa ameyakatalia siku za meli, akayakubali siku nyingine. Nimeliandika hilo kwenye ripoti kama lilivyo, na tarehe ya kurudi kupima nimeiweka siku ya meli.