Mkilua wangu umechanua, wala si kwa maji ya kisima

Mwaka wa nne huu nauhangaikia, na wiki jana umenipa vilua, maua yake, saba. Saba tu, lakini harufu ilifika hadi ukumbini.

Nakaa Mombasa, nyumba ya chini. Uani kwangu jua huchungulia saa sita na kuondoka: huku ukuta, huku mwembe wa jirani. Bwana aliyeniuzia mche (mia tano hivi, tulivutana bei mpaka nimesahau) aliniambia, "Mama, ua bila jua halichanui." Nami, mtu mzima, nikamwamini. Nikaukokota na pipa lake hadi barazani, jua la kutwa. Wiki mbili tu, majani yakababuka kama chapati iliyosahauliwa jikoni.

Shangazi alipouona alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Mwanangu, mkilua ni mti wa msituni! Huota chini ya wenziwe." Na kweli, kwao ni misitu ya pwani hii hii, Kwale, Kilifi hadi Tanga. Hata wataalamu walipoupa jina lao mwaka 1970 waliuita Mkilua fragrans, neno letu limebebwa vile vile.

Nikaurudisha kivulini. Ukachipua, kisha ukadumaa, na ncha za majani zikaanza kuungua tena. Jua lenyewe liko wapi? Nikatia samadi, ukazidi kununa. Siku moja nikaona ukoko mweupe juu ya udongo. Nikagusa kwa kidole, nikaonja. Chumvi! Kisima chetu hicho. Na maji ya bomba, tunayajua wenyewe.

Basi usiku huo nimelala, nasikia eisi, kiyoyozi, ya jirani wa juu inadondoka kwenye bati langu: to, to, to. Miezi mingapi nimeilaani! Nikakaa kitandani: maji yale yametoka hewani, chumvi itatoka wapi? Asubuhi nikapanda ngazi, nikavika mpira kwenye kijibomba chake, nikaukaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikaushusha hadi kwenye ndoo. Alfajiri ya pili, ndoo ya lita kumi imejaa pomoni. Nilianza kwa kuuosha udongo wenyewe, ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yaliyotoka chini ya pipa nikionja hayana kitu. Ndiyo, nilionja tena.

Chini ya pipa nina makumbi ya nazi, juu majani makavu ya mwembe, mwenyewe anayaangusha bure. Na kilua usikichume kingali kijani, utajilaumu. Ngoja kigeuke manjano.

Jirani naye keshaugundua mpira. "Dada, kumbe ndiwe unayeninywea eisi yangu!" Katika vile saba, viwili vimepanda juu, mkewe katia kwenye kikuba, kishada chake cha maua ya kunukia, pamoja na asumini. Jana kanitumia salamu: Ijumaa hii anataka vitatu.