Ile "mmh" ya jana

Jana usiku nilichati na rafiki yangu hadi saa saba. Alikuwa anajiuliza kama aache kazi. Leo asubuhi nimerudi juu kuyasoma tuliyoandikiana, nikashangaa yalivyovurugika. Yeye ameshafika kwenye mkataba, mimi bado najibu la bosi. Jibu langu linatua chini ya swali lingine kabisa. Mtu wa tatu akipewa asome, hatoki na kitu. Ila sisi hatukupotezana hata mara moja.

Hayo siyo maandishi niliyofundishwa shuleni. Ni soga iliyopigwa kwa vidole. Sauti haipo, kwa hiyo tunaibana ndani ya herufi: "sawa" ni jibu, "sawaaa" ni furaha au uchovu, inategemea nani kaandika, na "Sawa." yenye nukta, mbona umekasirika? Mwalimu wangu wa Kiswahili alinikata maksi kwa kusahau nukta. Leo nukta hiyohiyo inanigombanisha na watu. Kuna mahali jana niliandika "mmh" tu. Akajibu, "Hiyo mmh nimeisikia." Ameisikia, hakuisoma.

Shida hii ya kukosa uso na sauti ni ya zamani kuliko simu zetu. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, aliwapendekezea wenzake waliokuwa wakijadiliana kwa kompyuta watumie :-) kuonyesha utani, maana mizaha ilikuwa inachukuliwa kuwa kweli. Na kwenye kompyuta zilizoendeshwa na mfumo uitwao Unix kulikuwa na programu ya kuchati iitwayo talk: kioo kiligawanywa sehemu mbili, na kila herufi ilimfikia mwenzako papo hapo ulipoibonyeza, makosa yako na kule kuyafuta kwako, vyote akiviona. Ulimwona mtu akibadili mawazo katikati ya neno, kama unavyomsikia akisitasita. Sisi tumebakiwa na "anaandika…". Inawaka, inazimika, inawaka tena, halafu linakuja neno "poa".

Hiyo "anaandika…" ndiyo inayonitesa. Watu wakizungumza ana kwa ana, pengo kati ya zamu na zamu kwa kawaida ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Kimya kikizidi hapo kidogo tu, tayari kinasema kitu. Kwenye meseji kimya hakina kipimo. Dakika kumi zaweza kuwa hasira, zaweza kuwa mtu yuko bafuni. Kwa hiyo nakata sentensi vipande na kuvituma kimoja kimoja, zamu isiniponyoke. "Sikiliza." "Mimi naona." "Usiache kwanza." Ninapotuma kile cha kwanza, cha tatu bado sijakijua.

Na sasa nawaza hivyohivyo hata simu ikiwa mbali. Nikitembea peke yangu wazo haliji zima; linakuja kipande, linasimama, kana kwamba kuna mtu atakayesema "ehe?" ndipo liendelee. Sioni kama ni ugonjwa. Jana nilifikiri vizuri kuliko ambavyo ningefikiri peke yangu, kwa sababu kila nilipotaka kujidanganya rafiki yangu alikuwa keshauliza "kwa nini?" Kilichonipungukia ni subira ya kukaa na wazo ambalo hakuna aliyeniuliza. Maneno haya machache yamenichukua asubuhi nzima, na mara tatu kidole kimetafuta mahali pa kutuma baada ya sentensi moja tu.

Ile "mmh" haikuwa "mmh" mwanzoni. Nilikuwa nimeandika aya nzima, kwamba akiondoka nitabaki peke yangu pale ofisini, na kwamba huenda ndiyo sababu namshauri asiache. Nikaisoma, nikaifuta, nikatuma herufi tatu. Kwake "anaandika…" lazima iliwaka muda mrefu sana. Hakuuliza.