Matishari ya Maldon na majahazi yetu ya shehena

Wengi wetu tunaoishi Essex, Uingereza, tunaujua mji wa Maldon kwa chumvi yake. Nawaomba, mkifika huko, teremkeni mpaka gatini, Hythe Quay, kwenye mto Blackwater, mkayaangalie matishari ya tanga. Ni vyombo vya mizigo vyenye urefu wa mita 25 hivi, vyeusi ubavuni, na matanga yake ni mekundu ya kutu. Haya ndiyo yaliyoilisha na kuijenga London kabla ya malori: nafaka, matofali, saruji, mchanga. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa yapata 2,000. Leo yanayoweza kutweka tanga ni machache sana, na kila kiangazi hukusanyika kushindana kwenye mito na pwani za huku: Blackwater, Medway, Colne, Southend, Pin Mill.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baba yangu mdogo alikuwa baharia wa jahazi la shehena, wakipeleka mahindi, mbao na saruji Wete, Pemba, wakirudi na nazi. Kwa hiyo pale gatini siwezi kupita haraka, na kila nikipiga picha namtumia. Nilidhani atasifu matanga. Nilipompigia alipokea salamu, "Marahaba mwanangu," kisha akauliza moja kwa moja: "Hilo bao kubwa la ubavuni, la nini?"

Ni swali la mjuzi. Tishari chini ni bapa, halina mkuku, ule mti wa chini wa chombo, wa kushika maji, na upepo wa ubavuni ungelisukuma kando. Basi kila ubavu una bao pana lililofungwa kwa bawaba. Linaposafiri, bao la upande wa demani, usiopigwa na upepo, hushushwa majini na kufanya kazi ya mkuku, na maji yakiwa haba huinuliwa. Mito ya Essex na Kent ni ya tope, inapwa mpaka ikabaki matope matupu. Jahazi letu likipwelewa lazima litiwe gadi, miti ya kulitegemeza, lisilale. Tishari hukaa wima lenyewe, mkokoteni ukaja mpaka ubavuni kupakua. Baba alilipenda sana hilo.

Kisha akauliza mabaharia wangapi. Nikamwambia nahodha na msaidizi mmoja, pengine na kijana, kwa shehena inayofika tani 150. Hakukubali. "Na foromali nani anaitweka?" Foromali, ule mti wa juu unaobeba tanga la jahazi, huku hakuna. Kuna mti mrefu unaotoka chini ya mlingoti ukapanda kwa mshazari mpaka ncha ya juu ya tanga kubwa, na ndio unaolitandaza. Wakitaka kulipunguza hawalitui. Hulivuta kwa kamba likajikunja kwenye mlingoti kama pazia, na mti unabaki juu, hauzuii kazi ya kupakia. Mlingoti wenyewe hulazwa ili chombo kipite chini ya madaraja ya London, kisha ukasimamishwa tena. Kwetu, kuhamisha foromali upande wa pili wakati wa kubisha, yaani kugeuza chombo dhidi ya upepo, ni kazi ya watu wengi na sauti nyingi. Huku ukali wa gharama za wafanyakazi uliwafundisha kutumia kapi na roda kila mahali.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha nyasi. London ilikuwa na farasi wengi ajabu, na farasi wanakula. Matishari yalipakia nyasi kavu na majani ya ngano mashambani Essex, yakarundikwa juu ya sitaha mpaka nahodha kule nyuma haoni mbele. Msaidizi alisimama juu ya rundo akimpigia kelele aelekee wapi. Wakirudi walileta samadi ya farasi haohao kwa mashamba yaleyale. Chombo hakirudi kitupu, na hilo baharia yeyote wa Tanga analielewa bila kuelezwa.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Mashindano haya hayakuanzishwa na watu wanaoomboleza vyombo vilivyokufa. Yalianza mwaka 1863, biashara ikiwa imechangamka. Aliyeyaanzisha ni Henry Dodd, tajiri aliyepata mali yake kwa kuzoa taka za London, akatoa zawadi kwa manahodha watakaoshinda. Mafundi nao wakaanza kushindana kuunda chombo chenye mbio zaidi, maana mwenye tishari lililoshinda alikuwa na sifa ya kuvutia mizigo. Mkusanyiko ulikuwa sehemu ya kazi. Ndiyo maana kazi ilipokwisha bado palikuwa na kalenda, vikombe, na familia zilizozoea kuja. Shehena ya mwisho kubebwa kwa tanga peke yake ilikuwa mwaka 1970, kwenye tishari Cambria la mwaka 1906, nahodha wake Bob Roberts.

"Na leo nani anamlipa nahodha?" Baba hawezi kuliacha hilo. Mengine hubeba abiria wanaolipa kwa safari ya siku. Mengine ni ya taasisi za hisani: pale Maldon, Thames Sailing Barge Trust ina Centaur la mwaka 1895, na Pudge la mwaka 1922, lililokwenda Dunkirk, Ufaransa, mwaka 1940 wakati wa vita kuokoa askari. Watu wa kujitolea wanakwangua rangi na kupaka dawa. Cambria lilijengwa upya karibu lote pale Faversham, vijana wakifundishwa useremala wa vyombo papo hapo, likarudi majini mwaka 2011. Matanga yalipakwa tangu zamani udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya samaki. Baba alicheka kusikia hivyo, kwa kuwa yeye alipaka sifa, mafuta ya papa, ubavuni mwa jahazi ujana wake wote.

Kwetu kuna mashindano, na Lamu wanayafanya kwa fahari kubwa. Lakini ninayoyajua mimi ni ya mashua na madau. Majahazi makubwa ya shehena hayamo, na nadhani ni kwa sababu bado yapo kazini, hakuna anayeyaona kuwa kitu cha kukusanywa. Fundi wa Nungwi, Unguja, au wa Matondoni, Lamu, anaunda chombo bila mchoro wa karatasi, vipimo viko kichwani na mkononi. Akifariki, vimekwenda naye. Hilo linaniuma kweli, na nasema tusisubiri jahazi la mwisho ndipo tutafute fedha za kulirekebisha.

Nimemwomba binamu yangu aliyeko Tanga akae na baba na simu yake, arekodi majina ya majahazi, mafundi walioyaunda, mbao gani, urefu wa mkuku, mataruma (mbavu za chombo) mangapi. Wameshaanza. Baba ameongeza lake: ameshatunga masharti ya mashindano. Vyombo viondoke Tanga kwenda Wete, mashine zizimwe na zifungwe, kila jahazi liwe na shehena kamili iliyopimwa, na atakayefika na gunia lililolowa apunguziwe pointi.