Nilivyoifanya modeli ya majani ya kahawa iseme "sijui"

Modeli ya kutambua magonjwa, yaani programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa picha, haijui kunyamaza, ukiipa picha ya kandambili itakwambia ni kutu ya majani tena kwa asilimia tisini na kitu, bila hata aibu. Na siyo yangu tu. Zile picha za PlantVillage, mkusanyiko wa picha za majani ya mimea ambao wengi tunaanzia nao, ni zaidi ya elfu 54, jani moja moja juu ya kitambaa au meza tupu, na kwenye utafiti wa 2016 modeli ilipata asilimia 99 na ushee humohumo, ila walipoipa picha zilizotoka kwingine ikaporomoka mpaka kama 31. Sasa iweke kwenye kihamba, lile shamba la nyumbani la Wachaga, huko Kibosho, Kilimanjaro, kivuli cha migomba, na simu yenye kioo kilichopasuka.

Ile asilimia isikudanganye. Modeli inagawa namba 1 kwa majibu inayoyajua tu, jani zima, kutu, wadudu, basi, kwahiyo lazima mmoja apate kubwa hata kama wote siyo.

Nilichofanya, zile namba inazotengeneza kabla ya jibu la mwisho nikazitoa kwa picha zote nilizofundishia, nikapata wastani wa kila kundi na jinsi zinavyotawanyika, halafu picha mpya ikija napima iko mbali kiasi gani na kundi la karibu. Ni umbali wa Mahalanobis, Lee na wenzake waliandika hii njia 2018. Kikomo nimekiweka pale ambapo picha 95 kwa 100 za kawaida zinapita, ikizidi hapo inasema "sijui", ila upimie kwa picha za shambani ambazo modeli haijawahi kuziona, la sivyo unajidanganya.

Kandambili ilikataliwa palepale, hiyo rahisi. Utamu ulikuwa jani lililopuliziwa dawa ya kopa, lile linalobaki na madoa ya bluu bluu yamekauka kwenye mishipa, asilimia ilibaki juu kabisa ila umbali ukaruka.

Halafu kuna upande wa jani. Unga wa rangi ya chungwa wa kutu unakaa chini, juu unaona njano tu, na mimi nilifundishia picha za chini. Hapo umbali ulikuwa unayumba, nikaweka kimodeli kidogo cha kuuliza upande tu, kikiona juu inaandika "geuza jani upige upande wa chini". Picha yenye giza au iliyotikisika inarudishwa kabla ya yote hayo, hesabu yake nyepesi, hata simu ya bei poa inaiweza.

Mzee mmoja alisema "kijana, bora iseme haijui kuliko kunituma dukani kununua dawa bure".

Njano ya kukosa mbolea bado inapenya, iko karibu mno na kutu. Kwa hiyo naangalia na shamba lenyewe, kama ni miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, kutoka Lyamungo, ile inayostahimili kutu, na modeli inaimba kutu kila jani, majibu ya shamba zima nayazuia mpaka mtu aende akayaone majani kwa macho.