Magunia mawili yaliyopotea Mwaloni

Mama mkubwa ananunua dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Nilimwandikia kiprogramu kwa lugha ya C: unakipa idadi ya magunia na kilo kwenye mstari wa amri, kinakutolea hesabu. Skripti zake, yaani mafaili ya amri zinazojiendesha zenyewe, hukiita kila alfajiri.

Kilikuwa kinasoma namba kwa atoi, zana ya C inayogeuza maandishi kuwa namba, na atoi haina ubishi. Kijana wa mizani akiandika O9, herufi O badala ya sifuri, inarudisha 0 kimyakimya. Nikahamia strtol, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, ambayo hukuonyesha ilipoishia kusoma. Kwa ujuaji wangu nikaipa besi 0, yaani ijichagulie yenyewe kama namba inahesabiwa kwa kumi, kwa nane au kwa kumi na sita.

Kesho yake simu. Nikatoa shikamoo, marahaba ikaja na swali: "Mwanangu, magunia yangu mawili yako wapi?"

Idadi huandikwa kwa tarakimu tatu. Besi 0 ikikuta sifuri mbele inahesabu kwa nane, kwa hiyo 010 ilisomwa 8. Hadi 007 shwari. 008 na 009 zilikataliwa, maana tarakimu 8 na 9 hazimo kwenye besi hiyo, na hizo angalau zilipiga kelele. Ile 010 ilipita kama mwizi.

Nikarudisha toleo la zamani, halafu nikafanya nilichopaswa kuanza nacho: kwa majuma kadhaa nikawa naandika kwenye faili kila kinachotumwa na skripti. Sifuri za mbele zilijaa. Skripti moja ilituma 50kg. Nyingine, siku fulani fulani, ilituma alama za kunukuu zisizo na kitu ndani.

Hiyo tupu nilitaka kuitupa nje mara moja, mpaka nilipotazama tarehe: zote za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa; mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, mitumbwi inabaki ufukweni na faili la mzigo linabaki tupu. Ilikuwa sifuri ya haki kabisa!

Sasa besi ni 10, basi. Tupu ni 0. Kiambishi kg kinapokelewa, ila onyo linatoka kwenye mkondo wa makosa, si kwenye matokeo, kwa sababu skripti husoma matokeo na neno moja la ziada lingeziharibu. errno, mahali ambapo C huandika namba ya kosa, naisafisha kabla ya kuita strtol, nikamate namba iliyopita kiasi. Mengine yote yanakataliwa kwa msimbo wa kutoka 2, namba inayoiambia skripti kuwa kazi imeshindikana.

Aliyelalamika ni mmoja tu, yule kijana wa O9.